Krenki za baiskeli za zamani: Raleigh, Phoenix, Hero na za mtumba, tofauti ya ubora iko wapi hasa?

Fundi Mabatini

Mwangaluka wakuu. Huu uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu, ila wewe mwenye baiskeli ya zamani ndani soma mpaka chini.

Kuna maneno yanazunguka sana hapa Mwanza kwamba krenki (ule mkono unaoshika pedeli) ya Raleigh haifi, ya Hero ni takataka, ya Phoenix iko katikati. Watu wanakariri hivyo tangu enzi za wazee wetu. Mi kazi yangu ndo hii, nafungua krenki kila siku ya Mungu, na naona hayo maneno yana ukweli nusu. Tofauti ya ubora ipo tena kubwa, ila haiko kwenye jina lililoandikwa kwenye fremu, iko kwenye vitu ambavyo ukijua pa kuangalia unaviona kwa macho yako. Na kitu kinachoniuma zaidi ni kwamba krenki nyingi nzuri za zamani hazikufa kwa uzee. Zimeuliwa na nyundo na kotapini mbovu, yaani kile kipini kinachofunga krenki kwenye ekseli, mhimili wa katikati.

Tuanze na hayo majina maana ndo yanapoteza watu. Raleigh kiwanda kilikuwa Nottingham Uingereza, mwaka 1951 peke yake walitoa baiskeli zaidi ya milioni 1, vipuri karibu vyote wanafua wenyewe ndani. Sasa hawa jamaa walikuwa wanawameza wenzao, Humber waliichukua 1932, Rudge 1943, BSA upande wa baiskeli 1957, halafu 1960 wakaunganishwa na kampuni ya TI iliyokuwa na Phillips na Hercules. Kwa hiyo unaweza kukuta mzee mmoja ana Humber na jirani yake ana Raleigh wanabishana miaka na miaka ipi imara, kumbe kama ni za miaka ya mwishoni ekseli na vikombe vya gololi vimetoka mlango mmoja. Kilichobaki tofauti ni sproketi, ya Raleigh ina vichwa vya korongo, ya Humber ina watu, ya BSA ina bunduki 3. Sproketi nzuri kuangalia, naipenda kuliko mtu yeyote, ila haikwambii chochote kuhusu chuma cha ekseli iliyoko ndani.

Wachina nao Flying Pigeon ya kule Tianjin ilianza 1950 kwa kufuata umbo la Raleigh ya 1932, na Phoenix ya Shanghai ukiiweka pembeni unaona kabisa ni ukoo huo huo. Wahindi walikuwa na Sen-Raleigh kule Asansol, na Hero ya Ludhiana ilianza 1956 na kufika 1986 wakaingia Guinness kwa kutengeneza baiskeli nyingi kuliko kampuni yoyote duniani. Umbo la krenki kwa wote hawa ni lile lile la Mwingereza, mkono wa chuma, ekseli yenye bapa kila upande, na kotapini inayopita katikati. Ukiziweka tatu mezani mtu asiyejua atasema ni kitu kimoja.

Sasa tofauti.

Chuma chenyewe kwanza. Krenki nzuri imefuliwa, yaani chuma kimepashwa moto kikapigwa na nyundo ya mashine ndani ya kalibu, kile kipigo kinakishindilia na nyuzi za chuma zinafuata umbo la mkono. Krenki ya bei chee imemiminwa, chuma kimeyeyushwa kikamwagwa kikapoa, ndani kunabaki vitundu vya hewa ambavyo huvioni mpaka siku inakatika ukiwa unapanda kilima na gunia. Ya kumimina ina kamstari kembamba kamejitokeza pembeni na ukikwangua rangi unakuta uso una vipele vya mchanga. Ya kufuliwa mstari wake ni mpana na umesagwa ukawa bapa. Nyingine hii: funga kamba kwenye tundu la pedeli, ining'inize, igonge na spana. Nzuri inalia mlio mrefu unaobaki hewani. Mbovu au yenye ufa inasema ko, basi.

Kuna ekseli, na hapa ndo Raleigh za zamani zinawaacha wengi mbali sana. Ekseli nzuri imepikwa kwa moto ikawa ngumu ngozi ya nje tu, gololi haziichimbi, ila moyo wake umebaki na ulaini kidogo ili isikatike ghafla. Kuipikia hivyo kunachukua muda na mkaa na umeme, na mtengenezaji anayebana gharama ndo anapunguzia hapo hapo kwa sababu mteja dukani haoni. Chukua tupa kali ikwaruze kwenye bega la njia ya gololi, usiguse njia yenyewe. Ikiteleza bila kushika, ekseli imepikwa. Ikila, rudisha dukani. Ekseli laini dalili yake ni kwamba ukikaza kikombe inabana upande mmoja, ukizungusha kidogo inalegea upande wa pili, maana njia imeshakuwa na mashimo na hakuna grisi ya kurekebisha hiyo.

Krome sitakaa nayo sana. Nzuri ina nikeli chini ndo krome juu, na nikeli ndo inayozuia kutu, krome yenyewe ina vinyufa vidogo vidogo unyevu unapita. Ya bei chee wanapitisha krome nyembamba tu inang'aa dukani, ukipiga nayo msimu mmoja wa mvua huku kwetu ziwani imeanza kububujika. Wabeba kayabo, samaki wa chumvi, mnajua zaidi yangu, ile chumvi ikichuruzika kwenye karia inashukia wapi? Kwenye krenki.

Halafu kotapini, ambayo ni kitu cha hela ndogo kuliko vyote na ndo inayoua vyote. Kotapini ni kabari. Upande wake mmoja una bapa lililokatwa kwa mshazari, linakaa juu ya bapa la ekseli. Likikaa lote, chuma kwa chuma, krenki na ekseli zinakuwa kitu kimoja. Likishika kwa ncha tu, uzito wote wa mguu wako na gunia la mkaa unabebwa na kamstari kembamba, kinabonyea, krenki inaanza kucheza, na ikishaanza kucheza inagonga. Inagonga tundu linakuwa yai, inagonga bapa la ekseli linakuwa mviringo, na hapo hata uje na kotapini ya dhahabu haikai. Kotapini nyingi za sasa ni laini mno na bapa lake limekatwa hovyo, kila moja mshazari wake. Mtu anaenda kuichomeka vile vile ilivyotoka kwenye mfuko kwenye krenki ya Nottingham iliyodumu miaka sitini, anaiua ndani ya mwezi, halafu anasema imezeeka.

Karibuni tujadili.

---

Mkerewe wa Nansio

Mkuu umenigusa. Nina Phillips ya marehemu baba, nyeusi, bado ina breki zile za vyuma. Krenki ya kushoto inagonga tok kila mzunguko. Fundi wa hapa Nansio alikata kipande cha kopo la bati akakizungushia kwenye kotapini, ikatulia siku chache, sasa inagonga zaidi ya mwanzo. Wananiambia ninunue krenki mpya za kung'aa nimalizane nayo. Moyo unakataa. Inaokoleka hii?

---

Fundi Mabatini

Pole na mzee, na hongera kwa kuitunza. Usitupe kitu kaka. Toa hilo bati leo leo, bati linasagika linaacha nafasi na huku nyuma tundu linazidi kuliwa.

Cha kwanza ung'oe kotapini, usafishe tundu na bapa la ekseli kwa mafuta ya taa, uangalie. Kama tundu bado la mviringo na bapa la ekseli bado lina kona zake mbili kali, krenki haina tatizo, tatizo ni kotapini tu. Kama bapa limekuwa na bonde, badilisha ekseli, krenki yenyewe inabaki.

Pima tundu kwa kaliipa. Za Kiingereza kotapini ni milimita 9.5, za Kifaransa kama Peugeot ni 9. Hiyo nusu milimita watu wanaidharau sana. Ukiweka ya 9 kwenye tundu la 9.5 inazama mpaka nati inagota kwenye krenki, unaona imekaza kumbe imekazwa nati tu, kabari yenyewe haijashika kitu.

Halafu sasa kazi yenyewe. Paka masizi ya koroboi kwenye bapa la kotapini, kamasizi kembamba tu, ichomeke kwa mkono mpaka igote, igonge kidogo, itoe uangalie. Pale masizi yalipofutika ndipo inaposhika. Mara nyingi na hizi za dukani utakuta imefutika kwenye ncha ya juu peke yake. Iweke kwenye jiriwa, ipige tupa pale palipofutika, taratibu, tupa ikiwa bapa isiyumbe, paka tena, rudia. Unaendelea hivyo mpaka masizi yanafutika bapa zima. Mafundi wengi hawafanyi kwa sababu mteja amesimama anasema nina haraka, ila hii ndo kazi, mengine yote ni kupiga nyundo.

Kabla ya kupiga, simamisha kipande cha bomba zito chini ya krenki, limegota ardhini na tundu la bomba limekaa pale kotapini itakapotokea. Usipige krenki ikiwa inaning'inia, kile kipigo kinapita kwenye ekseli kinaenda kuchimba gololi kwenye vikombe, na ndo mnashangaa baiskeli imetoka kwa fundi inakwaruza. Piga vizuri, kisha ndo nati, na nati kazi yake ni kuzuia isirudi, usiitumie kuvuta kotapini iingie, utakata thredi. Endesha kama kutoka hapo Nansio mpaka Bukindo, rudi, weka bomba, gonga tena, kaza nati. Baada ya hapo usahau.

Na angalia uelekeo. Upande mmoja nati ikiangalia juu, upande wa pili iangalie chini. Ukizichomeka zote uelekeo mmoja mikono ya krenki haitanyooka, utakuwa unapiga pedeli unachechemea.

---

Mchukuzi Mwaloni

Fundi naheshimu maelezo ila naomba nipinge kidogo. Mi nabeba samaki kutoka Mwaloni Kirumba kwenda mpaka Kisesa. Nina Hero. Krenki ikifa naingia duka lolote naipata, ekseli naipata, vikombe naipata, gololi naipata, nusu saa niko barabarani. Mwenye Raleigh ya babu akiharibikiwa kikombe anazunguka Makoroboi nzima wiki nzima na samaki wanaoza. Kwa mtu wa kazi ubora ni kupatikana.

---

Fundi Mabatini

Hiyo hoja ni nzito mkuu na siipingi hata kidogo, kwa mtu wa kazi kipuri kinachopatikana kina thamani yake. Ila hata upatikanaji haudumu milele. Atlas ya India, ambayo wengi wetu tumekua nayo, walisimamisha kiwanda chao cha mwisho pale Sahibabad tarehe 3 Juni 2020, na hiyo tarehe ndo siku ya baiskeli duniani.

Af kitu kingine, Hero yako yenyewe siyo takataka. Nimefungua Hero za miaka ya themanini ekseli yake tupa inateleza safi kabisa. Na nimefungua krenki mpya zilizoandikwa majina makubwa ambazo tupa inakula kirahisi. Mabegi ya vipuri yanakuja hayana hata jina la kiwanda, yanaandikwa jina linalouzika. Kwa hiyo hiyo nusu saa yako ya kubadilisha, ongeza dakika mbili za tupa na dakika kumi za masizi, krenki ile ile ya bei ile ile itakufikisha mara kadhaa zaidi ya sasa. Hapo hata hujatumia hela nyingine.

Na uangalie meno ya sproketi. Yakishainama kama ndoano badilisha na cheni pamoja, ukiweka cheni mpya kwenye meno yaliyoinama inaliwa nayo.

---

Mama Dagaa Igoma

Naomba msaada jamani. Mimi nauza dagaa, kijana wangu ndo anaendesha. Krenki ilikuwa inalegea kila siku, tukampelekea fundi mmoja akaichomelea na welding kwenye ekseli, akasema hapo ni milele. Kweli haijalegea. Sasa gololi zimeisha, inalia krr krr, kila fundi ninayempelekea anasema haifunguki. Nilishalipa hela yangu. Inauma.

---

Fundi Mabatini

Shikamoo mama. Inauma kweli na sio wewe peke yako, hii naiona kila mara na naichukia kuliko kitu chochote kwenye hii kazi.

Welding inafanya mabaya mawili kwa mpigo. Ule moto unaondoa ule upishi wa ekseli niliousema juu, ngozi ngumu inalainika, gololi zinaanza kuchimba. Ndo hicho unachosikia kinalia. Halafu inafunga mlango, maana kikombe cha kushoto hakiwezi kutoka bila krenki kutoka. Yaani anaharibu beringi na hapo hapo anakuzuia usiitengeneze.

Kuna njia mama. Usikubali mtu aichomelee tena wala kuipiga nyundo. Akate krenki ya kushoto na grainda pale kwenye ekseli, krenki hiyo imeshakufa hata hivyo, ang'oe kotapini ya kulia krenki na sproketi zitoke, afungue kikombe cha kushoto, ndo avute ekseli kwa upande wa kushoto. Vikombe viangaliwe, kama njia yake inang'aa bila vishimo vinabaki. Ununue ekseli, krenki ya kushoto, kotapini 2, na gololi za robo inchi, 11 kila upande. Waambie wahesabu mbele yako, kuna wanaoweka 9 wakajaza grisi. Kama krenki ya kulia nayo imechomelewa basi itabidi ikatwe nayo, ibadilishwe na sproketi yake. Ukiweza mlete kijana Mabatini tuifungue pamoja aone, ajue mwenyewe siku nyingine.

---

Mama Dagaa Igoma

Marahaba baba. Nitamtuma Jumatatu. Ubarikiwe.

---

Mzee wa Musoma

Vijana, habari zenu. Nimestaafu, nimekaa na tupa maisha yangu yote, nimefurahi kuona bado kuna mtu anapaka masizi.

Naongeza jambo moja ambalo fundi amelipita. Huyu wa Nansio mwenye Phillips akienda kununua vikombe awe makini na thredi. Raleigh wa Nottingham walikuwa na thredi yao wenyewe, meno 26 kwa inchi. Waingereza wengine, na Wahindi na wengine walioiga kipimo cha kawaida, ni 24 kwa inchi. Kipenyo kwa macho ni kile kile, kikombe kinaingia mzunguko mmoja au miwili kwa mkono halafu kinakataa. Mtu mwenye nguvu anachukua spana ndefu anakilazimisha, kinaingia kweli, kinakata thredi ya fremu. Fremu ikishakatwa thredi, krenki nzuri utaifunga wapi? Kikombe kikikataa baada ya mizunguko miwili, toa, usibishane nacho.

Phillips ya zamani kabla ya 1960 mara nyingi utakuta 24, za baadaye zilizotoka Nottingham angalia kwa geji. Na kikombe cha kulia kwenye hizi baiskeli za Kiingereza kinafunguka kinyume, kwa kuzungusha kuelekea kulia. Nimeona fremu nyingi zimepasuliwa na watu waliokuwa wanakaza wakidhani wanafungua.

---

Fundi Mabatini

Shikamoo mzee. Asante sana, hili la 26 na 24 lilitakiwa liwe juu kabisa. Mi nina kikombe cha Nottingham na cha kawaida nimevitundika ukutani, mteja akija na fremu najaribisha kwanza kwa mkono.

---

Kijana wa Nyegezi

Wakuu mnaongelea za kotapini tu. Mi nina mountain ya mtumba, krenki nyeusi imeandikwa Shimano, haina kotapini, ina bolti katikati. Niliuziwa kama ya juzi juzi tu. Nitajuaje umri wake na je hizi hazina matatizo?

---

Fundi Mabatini

Umri ni rahisi dogo. Geuza krenki uangalie nyuma yake, upande unaotazama fremu, safisha uchafu na petroli. Utaona herufi mbili zimegongwa. Ya kwanza ni mwaka, ya pili ni mwezi. A ni 1976, B 1977, unahesabu hivyo mpaka Z ambayo ni 2001, wakaanza upya na A 2002. Mwezi A ni Januari mpaka L Desemba. Kwa hiyo SC inakuwa Machi 1994.

Hapo hapo nyuma kuna namba ya modeli na hii isome vizuri sana. Mwaka 1997 Shimano wenyewe walitangaza kurudisha krenki za FC-CT90, FC-M290 na FC-MC12 zilizofungwa kwenye baiskeli za katikati ya miaka ya 90, kwa Marekani peke yake zilikuwa zaidi ya milioni 1, kwa sababu zilikuwa zinakatika mtu akiwa anaendesha. Mitumba yetu inatoka huko huko. Ukikuta namba mojawapo, vua hiyo krenki, usiipande hata kwenda dukani.

Hizi za bolti zina adabu yake. Ekseli ina pembe nne zilizochongwa kwa mshazari, krenki ya aluminiamu inapanda juu yake. Bolti ikilegea hata kidogo ukaendelea kuendesha, chuma cha ekseli kinakula aluminiamu na tundu linapanuka, hapo hakuna kukaza kutakakosaidia tena. Watu wanakaza mpaka bolti inakatika na bado inacheza. Krenki ikishacheza mara moja ukaisikia, shuka, kaza hapo hapo au sukuma kwa miguu mpaka kwa fundi.

Na usibadilishe ekseli kwa kuangalia tu pembe nne. Kuna kipimo cha Kijapani na kipimo cha ISO walichofuata Waitaliano wa Campagnolo na wenzao, mshazari ni ule ule ila ncha hazilingani, krenki ya ISO ukiiweka kwenye ekseli ya Kijapani inakaa nje kama milimita 4.5 na haipandi vya kutosha. Nyingi za mtumba huku ni za Kijapani, Sugino, Sakae, Shimano, kwa hiyo ukifuata kipimo chao unakuwa salama.

---

Kasi ya Magu

Hapo kwenye Campagnolo naomba muendelee. Sisi tunaoshindana huku, kuna mwenzetu ameletewa baiskeli ya mashindano ya Kiitaliano ya zamani kutoka Ulaya, krenki ya aluminiamu Campagnolo Record, nzuri ajabu, imeng'arishwa mpaka unajiona. Anataka kuiuza, nataka kuinunua. Wazee wanasema aluminiamu ya zamani haiaminiki bora chuma. Mnasemaje?

---

Fundi Mabatini

Aluminiamu ya zamani inaaminika sana ikiwa imefuliwa vizuri. Stronglight wa Saint-Étienne Ufaransa walitoa 49D yao mwaka 1933, aluminiamu, bila kotapini, na hadi leo kuna watu wanaziendesha. Zingatia tu kama utakutana nayo usiifungue na puli (kifaa cha kuvutia krenki itoke) ya kawaida, thredi yake ni milimita 23.35 na puli ya kawaida ni 22, wenzao wa kampuni ya TA ni 23. Ukilazimisha unang'oa thredi na krenki haitoki tena kwa amani.

Record ilitoka 1958 na ndo iliyofanya wanamashindano wengi waache kotapini kabisa. Ukiishika unaelewa, uchongaji wake safi, mikono imenyooka, nyota ya kushika sproketi iko bapa, ukizungusha sproketi haiyumbi hata kwa unene wa karatasi. Hiyo ndo kazi ya mikono ya watu wanaojali, kwa kweli naheshimu sana.

Ila ina sehemu yake moja ya ugonjwa inayojulikana dunia nzima. Ile nyota ina miguu mitano, na ile miwili iliyo jirani na mkono wa krenki, pale inapokutana na mkono kuna kona kali. Kwenye hiyo kona ndo ufa unapoanzia, kwa miaka mingi ya kukanyagwa. Wenye nazo kule Ulaya wengine wanaipiga ile kona tupa laini wanaizungusha kabla ufa haujaanza. Chuma kinakupa taarifa, kinapinda, kinalia. Aluminiamu ikishapata ufa inaendelea kimya kimya halafu inaachia ghafla, mara nyingi ukiwa umesimama kwenye pedeli.

---

Kasi ya Magu

Sasa ufa wenyewe unauonaje na kitu kimeng'arishwa? Nimeangalia kwa tochi sikuona kitu ila inaweza ikawa mikwaruzo imenichanganya. Na hatuna mashine za kupimia huku.

---

Mzee wa Musoma

Mafuta ya taa na chaki, kijana wangu. Ndivyo tulivyokuwa tunapima vyuma karakana. Fundi atakueleza hatua, nadhani anaijua.

---

Fundi Mabatini

Ndiyo mzee, natumia hiyo hiyo.

Vua krenki kabisa na sproketi zake, ioshe na petroli uondoe grisi yote, hasa kwenye zile kona za nyota na kuzunguka tundu la pedeli, maana huko nako kunapasuka. Ikauke. Iloweke kwenye mafuta ya taa iache usiku kucha, mafuta yanapenya kwenye ufa hata kama huuoni. Asubuhi itoe, ifute kwa kitambaa kikavu mpaka uso wote uwe mkavu kabisa, usiwe na haraka hapo, ukiacha unyevu juu utajidanganya. Saga chaki nyeupe ya shule iwe unga, inyunyizie au ipake kwa brashi laini, kasafu kembamba. Iweke juani, ikipata joto kidogo mafuta yaliyojificha yanatoka yenyewe.

Mkwaruzo hautoi kitu, chaki inabaki nyeupe. Ufa unachora mstari wa mafuta kwenye chaki, mwembamba, na unajirefusha ukiwa unaangalia. Fanya hivyo mbele ya muuzaji mkubaliane kabla ya hela. Chaki ikibaki nyeupe kona zote za nyota na kwenye tundu la pedeli, nunua, izungushe zile kona na tupa laini kisha msasa, na urudie kipimo hiki kila kabla ya mashindano.

Ikitoka mstari, hata mdogo, msiishushe bei. Mwambie mwenzako aikate vipande viwili na msumeno hapo hapo, isije ikauzwa kwa mtoto wa mtu.